Haka si ngoma ya vita tu

Kila Nyuzilandi wanapocheza raga, utasikia watu wakisema haka ni ngoma ya vita ya kumtisha mpinzani. Haka za vita zipo, lakini Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, hucheza haka pia msibani, harusini na wanapopokea wageni, wake kwa waume. Hata “Ka Mate”, iliyozoeleka viwanjani, ilitungwa yapata mwaka 1820 na Te Rauparaha, chifu wa kabila la Ngāti Toa. Alikuwa akikimbia maadui, akafichwa katika shimo la kuhifadhia chakula. Alipotoka salama, akaimba furaha ya kuponea chupuchupu. Kuuita wimbo huo vitisho ni kuupunja mno. Na Wasamoa wasichanganywe humo: timu yao ya raga ina ngoma yake, Siva Tau, Watonga nao wana yao, Sipi Tau.