Ziwa Kanyaboli: mafunjo yanavyolitenga na Ziwa Victoria

Ziwa Kanyaboli liko Alego Usonga, Kaunti ya Siaya nchini Kenya, kaskazini kidogo ya ikweta. Ukubwa wake ni takriban kilomita mraba 10.5, na kina chake cha wastani ni kama mita 3 tu. Uso wake uko mita 1,156 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu mita 20 juu ya Ziwa Victoria. Katikati ya maziwa hayo mawili ndipo kilipo Kinamasi cha Yala, hekta 17,500 hivi, na sehemu yake kubwa imefunikwa na mafunjo. Kwangu mimi, mafunjo hayo ndiyo kiini cha jiografia ya mahali hapa.

Mafunjo hukua hadi mita 4 au zaidi. Chini, mashina yake na mizizi husukana kuwa mkeka mzito unaoelea. Mwanga haupenyi, upepo hauyakorogi maji, na majani yanayooza hula oksijeni mchana na usiku. Mbuta, yaani sangara, aliyeletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, anahitaji oksijeni nyingi, hivyo hawezi kuvuka eneo kama hilo. Ndiyo maana ngege, tilapia wa asili wa hapa, aliyekaribia kutoweka kabisa Victoria, bado yupo Kanyaboli pamoja na samaki wadogo waitwao fulu wa aina kadhaa.

Maji yenyewe yana historia yake. Mto Yala hushuka kutoka nyanda za juu za Nandi na kupita Msitu wa Kakamega. Zamani uliingia kinamasi cha mashariki, ukajaza Kanyaboli, kisha ukaendelea na kinamasi kikuu hadi Ziwa Sare na Victoria. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kazi ya kukausha upande wa mashariki ilianza ili palimwe, karibu hekta 2,300. Mto ukageuziwa mfereji unaoelekea moja kwa moja kwenye kinamasi kikuu, na tuta la udongo likalitenga ziwa. Tangu hapo Kanyaboli hutegemea mvua, vijito vya karibu, mfereji wa kulilisha, na maji yanayopenya kutoka kinamasini. Mtiririko ukiwa hafifu, jua hugeuza maji kuwa mvuke na kuacha chumvi na rutuba nyuma. Mwani hushamiri, maji yakawa ya kijani. Kwa hiyo mfereji ule ukizibwa na matope au magugu, athari zake hufika hadi kwenye nyavu za wavuvi.

Anayetaka kupima ziwa hili ajihadhari na mambo mawili. Kwanza, sakafu yake ni tope laini. Jiwe la kawaida lililofungwa kwenye kamba huzama ndani ya tope na kukupa kina cha uongo, hivyo funga kitu kipana na bapa, kisha usome kamba mara tu inapolegea. Pili, oksijeni ipimwe kabla jua halijachomoza. Mchana mwani huzalisha oksijeni, na kipimo cha saa nane kitakuonyesha ziwa lenye afya kuliko lilivyo. Pima pia juu na karibu na sakafu, si sehemu moja tu. Na ukichora ukingo kwa picha za setilaiti, kumbuka kwamba vipande vya mafunjo hukatika na kusukumwa na upepo. Ukingo wa leo si lazima uwe wa mwezi ujao.

Hatari ninayoihofia zaidi haitoki Victoria kwa kuogelea. Hubebwa kwa ndoo. Sato, yaani tilapia wa Nile anayefugwa vidimbwini, huzaana na ngege, na vizazi vyao chotara hufuta ngege halisi pole pole. Kwa hiyo kidimbwi kilicho karibu na ziwa kijengewe ukingo mrefu usiofurika wakati wa masika, bomba la kutoa maji liwekwe wavu wa matundu madogo kuliko kifaranga, na maji yake yaelekezwe shambani, kamwe yasielekezwe ziwani. Mafunjo yavunwe kwa zamu na kwa kukatwa, yasichomwe wakati wa kiangazi, kwani moto ukifika kwenye mkeka uliokauka huua mashina ya chini na kuacha pengo katika ukuta huo.