Ivuna na Mbozi: vimondo viwili vya mkoa mmoja na historia ya mfumo wa jua

Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe jeusi lilianguka kutoka angani karibu na Ivuna, upande wa kusini wa Ziwa Rukwa, eneo ambalo leo liko Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Vilivyohifadhiwa ni gramu 705 hivi kwa jumla, hata kilo moja haifiki. Ivuna ilijulikana kwa chumvi, iliyopikwa pale kutokana na chemchemi zake kwa karne nyingi. Leo, kwa wataalamu wa sayari duniani kote, Ivuna ni jina la aina nzima ya vimondo, mojawapo ya aina adimu kabisa, na ndiyo aina wanayoitumia kama kipimo wanapotaka kueleza Jua, Dunia na sayari nyingine zimeundwa kwa vitu gani.

Kilomita 100 hivi kutoka hapo kwa mstari ulionyooka, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kijiji cha Ndolezi, kuna kimondo kingine ambacho karibu kila Mtanzania amekisikia: kimondo cha Mbozi. Hiki ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Kilijulikana kwa wanasayansi mwaka 1930 kupitia mpima ardhi W. H. Nott, wakati sehemu yake kubwa ilikuwa bado imefukiwa, ndipo udongo ukachimbwa kukizunguka. Hakuna shimo la mgongano linaloonekana, wala wenyeji hawakuwa na masimulizi ya siku kilipoanguka, jambo linaloonyesha kwamba kipo hapo tangu zamani sana.

Walimu na wanafunzi wengi ninaokutana nao wanakijua cha Mbozi. Wanaokijua cha Ivuna ni wachache mno, na hilo linanisikitisha, kwa sababu kila kimoja kinakuwa na maana zaidi kikiwekwa kando ya mwenzake. Mkoa mmoja umepokea mawe mawili yanayosimulia ncha mbili za historia ile ile.

Tuanze na wingu. Miaka takriban milioni 4,567 iliyopita, wingu la gesi na vumbi lilijikunja kwa uzito wake lenyewe. Karibu kila kitu kilivutwa katikati na kuwa Jua, ambalo hadi leo limebeba zaidi ya asilimia 99 ya maada yote ya mfumo wetu. Makombo yaliyobaki yakaendelea kulizunguka Jua katika sahani kubwa ya vumbi, yakagandana, yakawa vijiwe, kisha miamba, kisha miili yenye upana wa makumi na mamia ya kilomita. Baadhi ya miili hiyo iliungana ikawa Dunia, Zuhura, Mirihi na nyinginezo. Mingine haikupata nafasi hiyo. Kati ya Mirihi na Mshtarii, mvuto mkubwa wa Mshtarii uliivuruga isiungane, na masalia yake ndiyo ukanda wa asteroidi. Ceres, iliyo kubwa kuliko zote humo na iliyogunduliwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo tarehe 1 Januari 1801, ina kipenyo cha kilomita 940 hivi. Ukizikusanya asteroidi zote za ukanda huo hazifikii hata sehemu ya ishirini ya Mwezi wetu.

Vimondo vingi vinavyofika ardhini ni vipande vya asteroidi hizo, zinapogongana na kumeguka. Swali ni kwa nini kipande kimoja kiwe chuma kitupu na kingine kiwe udongo mweusi unaomong'onyoka.

Jibu liko katika joto, na joto hilo lilitoka mahali ambapo wengi hawapategemei. Wingu lile la mwanzo lilikuwa na aluminiamu-26, aina ya aluminiamu yenye mionzi. Inapovunjika, au kuoza kama wasemavyo wanasayansi, hutoa joto, na nusu yake huisha kila baada ya miaka laki saba hivi. Mwili uliojikusanya mapema, ndani ya miaka milioni moja ya kwanza au karibu na hapo, ulifungia ndani yake aluminiamu-26 nyingi kiasi cha kuyeyuka wote. Wafipa, majirani wa nchi hii ya Rukwa, walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, wakatenganisha chuma na mawe kwa moto. Ndani ya miili ile michanga kazi ya namna hiyo ilifanywa na mionzi. Chuma na nikeli, kwa kuwa ni vizito, vilizama hadi katikati na kuwa kiini. Mawe mepesi yalibaki juu. Baadaye migongano ikaipasua baadhi ya miili hiyo hadi kiini kikawa nje.

Kimondo cha Mbozi ni kitu cha namna hiyo. Vipimo vinaonyesha takriban asilimia 90 ya chuma na karibu asilimia 9 ya nikeli, pamoja na chembe za salfa, fosforasi na shaba. Ukifika Ndolezi, sogea uitazame ncha yake nyembamba. Utaona makovu yasiyo na mpangilio, alama za watu waliojaribu kukata vipande vya kuondoka navyo. Hawakufika mbali: kumbukumbu za mwaka 1930 zinaeleza kwamba kukata sampuli ya sentimita 10 hivi kwa msumeno wa chuma kulichukua saa kumi. Wataalamu wamevipanga vimondo vya chuma katika makundi kwa kufuata kemia yake, kila kundi likiaminika kutoka katika mwili mmoja mzazi. Cha Mbozi hakimo katika kundi lolote kati ya hayo. Maana yake ni kwamba huenda tani zile 16 zinawakilisha mwili ambao hauna mwakilishi mwingine katika makabati ya dunia.

Kiini cha Dunia kipo kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, na hakuna mashine itakayokifikia. Ndiyo sababu Marekani ilirusha chombo cha Psyche tarehe 13 Oktoba 2023, kiende kwenye asteroidi ya jina hilo hilo, yenye upana wa zaidi ya kilomita 200 na yenye chuma kingi. Kinatarajiwa kufika mwaka 2029. Mwanafunzi wa Vwawa anapoweka kiganja chake juu ya kimondo cha Mbozi, anagusa kitu cha jamii ambayo chombo hicho kinaifuata kwa miaka sita.

Ivuna ilipitia njia nyingine. Mwili wake mzazi ulijikusanya miaka milioni kadhaa baadaye, wakati sehemu kubwa ya aluminiamu-26 ilikuwa imekwisha kuoza. Piga hesabu: nusu ikiisha kila miaka laki saba, basi baada ya miaka milioni 2.8 imebaki sehemu moja tu kati ya kumi na sita. Tena ushahidi mwingi unaelekeza kwamba mwili huo ulizaliwa mbali na Jua, ng'ambo ya Mshtarii, kwenye baridi ambako barafu iligandana pamoja na vumbi. Joto lililosalia halikuweza kuyeyusha mawe. Liliweza kuyeyusha barafu tu. Maji ya uvuguvugu yakapenya katika vumbi, yakaligeuza kuwa madini ya udongo, sumaku asilia na chumvi, kisha kila kitu kikatulia kwa zaidi ya miaka bilioni nne na nusu.

Kwa kuwa mwili huo haukuyeyuka, hakuna kilichotenganishwa. Chuma hakikuzama, mawe hayakuelea. Ukiondoa haidrojeni, heliamu na vitu vingine vinavyopeperuka kirahisi, uwiano wa elementi katika vimondo vya aina ya Ivuna unalingana na ule wa uso wa Jua. Kuna tofauti moja ninayopenda kuieleza darasani: lithiamu. Jua lina lithiamu kidogo mno, kwa sababu katika kina chake huiunguza kwa mwendo wa mabilioni ya miaka. Kimondo hakina moto wa namna hiyo, kwa hiyo lithiamu yake ipo palepale. Katika jambo hili jiwe la Ivuna linatuambia Jua lilivyokuwa zamani kuliko Jua lenyewe linavyoweza kusema leo.

Vimondo vya aina hii vilivyoonekana vikianguka na kuokotwa ni vitano tu: Alais na Orgueil vya Ufaransa, Tonk cha India, Ivuna, na Revelstoke cha Kanada. Orgueil cha mwaka 1864 ndicho kikubwa zaidi, na vipimo vingi vinavyotumika vimetoka kwacho, lakini kundi lenyewe linaitwa CI, na herufi I ni ya Ivuna. Mjiolojia anayechunguza madini adimu katika lava ya Oldoinyo Lengai, au mwamba wowote ule, akitaka kuchora grafu yake hugawanya kila kipimo kwa kiasi kilichomo katika vimondo vya CI. Grafu za namna hiyo zimechapishwa kwa maelfu, na wanafunzi wetu wa jiolojia huzichora bila kuambiwa kwamba herufi ile ni ya kijiji cha Mkoa wa Songwe. Naona hilo ni pengo la kuzibwa katika vitabu vyetu vya sekondari, na halihitaji zaidi ya aya moja.

Ndani ya jiwe la Ivuna kumepatikana pia asidi amino, ikiwemo glisini, molekuli ambazo viumbe hai huzitumia kujenga protini. Hazithibitishi kwamba kulikuwa na uhai huko. Zinathibitisha kwamba kemia ya anga, peke yake, inaweza kuandaa malighafi hiyo.

Mwaka 2014 Japani ilirusha chombo cha Hayabusa2 kwenda kwenye asteroidi ya Ryugu, yenye upana wa mita 900 hivi. Kilifika 2018, kikachota udongo mara mbili 2019, na tarehe 6 Desemba 2020 kikaangusha kapsuli yake Woomera, Australia. Ndani kulikuwa na gramu 5.4. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo: udongo wa Ryugu unafanana na vimondo vya aina ya Ivuna. Waligundua na jambo lingine. Salfeti, yaani chumvi zenye salfa, zilizokuwa zikionekana katika vimondo vya CI kwa miaka mingi, na hata kuandikwa kama sehemu ya historia yake, hazikuonekana katika Ryugu. Ilikuwa hewa na unyevu wa Dunia uliozitengeneza ndani ya makabati ya makumbusho.

Kisha tarehe 24 Septemba 2023 chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kilileta gramu 121.6 kutoka asteroidi ya Bennu. Mapema 2025 ilitangazwa kwamba humo mna chumvi zilizobaki baada ya maji ya chumvi kukauka, mojawapo ikiwa trona. Trona ni magadi, yale yale yanayochimbwa Ziwa Magadi na yanayotanda kandokando ya Ziwa Natron. Sikutarajia kwamba katika maisha yangu ningesoma ripoti ya magadi kutoka kwenye asteroidi.

Nyota zenye mkia, yaani kometi, ni ndugu wa mwili mzazi wa Ivuna waliobaki mbali na hawakupata joto la kutosha. Barafu yao ipo hadi leo, na wanapolikaribia Jua hugeuka gesi na kubeba vumbi, ndipo tunapoona mkia. Halley, iliyopita mwaka 1986, itarudi 2061. Hata hivyo mpaka kati ya kometi na asteroidi si wa ukuta. Kila Desemba, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, vimondo vya Jeminidi, yaani michirizi ya mwanga inayopita angani, hufikia kilele na huonekana vizuri Afrika Mashariki kuanzia saa nne usiku kama mawingu yataruhusu. Vumbi lake linatoka kwa Phaethon, mwili unaohesabiwa kuwa asteroidi.

Watu huniuliza kama kimondo kilichoanguka ni cha moto au kina sumu. Hapana. Hewa hukipunguza kasi, na jiwe dogo humaliza safari yake likianguka kwa kasi ya jiwe lolote lililotupwa kutoka juu. Tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalipoanguka Mbale, Uganda, kipande cha gramu chache kiligonga jani la mgomba kisha kikamwangukia mtoto kichwani. Hakuumia vibaya.

Hatari kubwa ni kwa jiwe lenyewe. Jiwe la chuma kama la Mbozi linaweza kukaa ardhini maelfu ya miaka. Jiwe la aina ya Ivuna likilowa huvurugika na kuwa tope, na lile liliangukia Desemba, msimu wa mvua wa Rukwa. Siku moja au mbili za kuchelewa huenda zingetosha tusiwe na chochote.

Kwa hiyo ukiona moto mkali angani ukifuatiwa na mshindo, na baadaye ukakuta jiwe lenye ganda jembamba jeusi ambalo halikuwepo, lipige picha kabla hujaliinua, na uhifadhi mahali ulipo kwenye ramani ya simu. Lishike kwa mfuko safi au karatasi ya foili, si kwa mkono mtupu. Usilioshe, usilivunje, na tafadhali usilijaribu kwa sumaku, kwa sababu sumaku hufuta kumbukumbu ya nguvu za sumaku iliyohifadhiwa humo tangu mfumo wa jua ulipokuwa mchanga. Jiwe lenye matundu mengi kama sifongo kwa kawaida ni taka ya tanuri au lava. Ulilookota lihifadhi ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, kisha toa taarifa kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, au idara ya jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, kabla mvua haijanyesha tena.