Tokeni ya risasi: ni nini, na si nini

Tokeni ya risasi ni kisahani kidogo cha madini ya risasi kilichotolewa badala ya chenji, au kama ushahidi kwamba aliyenacho anadai kitu. Zinazojulikana zaidi ni za Uingereza. Huko kwa karne nyingi sarafu ndogo hazikutosha, basi wenye maduka na vilabu vya pombe wakawa wanajitengenezea. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, kwa hiyo moto wa kawaida na kalibu ya jiwe vilitosha. Juu yake utaona herufi za jina, ua, au mistari iliyokatana. Thamani mara nyingi haikuandikwa, maana wateja walimjua mwenyewe. Makanisa ya Scotland nayo yaliwapa waumini tokeni za kuwaruhusu kwenye meza ya Bwana.

Mombasa ni habari nyingine. Kisahani cha risasi kikiokotwa ufuoni au kwenye msingi unaochimbwa Mji wa Kale, mimi dhana kwamba ni pesa ningeiweka mwisho. Huenda ni chubwi la mvuvi: lina tundu, au limekunjwa lishike mshipi, na mawimbi yamelisaga hadi likafanana na senti ya tundu ya zamani. Huenda pia ni risasi ya bunduki. Fort Jesus ilizingirwa tangu 1696 hadi 1698, na risasi ya mviringo ikigonga jiwe hubapa ikawa duara lenye kingo za ovyo.

Kinachonivutia zaidi ni sili ya bidhaa. Marobota ya nguo, magunia na mabehewa yalifungwa kwa kamba au waya, kisha ncha zikabanwa ndani ya risasi kwa koleo lenye chapa, kama sili za mita ya stima. Kwa hiyo usitazame uso peke yake. Geuza, angalia ukingoni kama kuna vijitundu viwili vya kupitisha waya, au mgongoni kama kuna alama ya kufumwa kwa kitambaa. Ukiviona hivyo, suala la tokeni limekwisha.

Pesa ndogo za pwani hii zilikuwa hasa za shaba. Ile ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 Hijria na ile ya kampuni ya Waingereza ya 1888 zote zina picha ya mizani. Shaba ikizeeka huota ukijani. Risasi hufifia kijivu, pengine na unga mweupe.

Ukibaki na shaka, mwombe sonara mizani yake. Pima kitu kikiwa kikavu, kisha kikining'inia kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Gawanya uzito wa kwanza kwa kiasi kilichopungua. Risasi hutoa karibu 11.3, fedha 10.5, shaba 8.9, bati 7.3. Kitu kikiwa chepesi sana jibu huyumba, kwa hiyo rudia.

Tafadhali usikisugue kwa ndimu, siki wala ukwaju. Sinia ya shaba itang'aa, lakini asidi huila risasi pamoja na ile chapa unayoitafuta. Hata mvuke wa mbao huidhuru, basi kasha la mbao si mahali pake. Mfuko mkavu wa plastiki unatosha. Risasi ni sumu: nawa mikono, na watoto wasiichezee.

Kwa sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale, na kuchimba kukitafuta bila leseni ni kosa. Ukikiokota kwa bahati, kipige picha pande zote mbili kando ya rula, andika ulikikuta wapi, kina gani na kilikuwa pamoja na nini, kisha wapelekee taarifa watu wa makumbusho pale Fort Jesus. Vigae vilivyokuwa kando yake huenda vikawaambia umri wake vizuri zaidi kuliko chapa iliyofutika.