Virutubisho vya madini kwa mjamzito: maana yake na namna ya kuvitumia salama

Virutubisho vya madini ni vidonge au dawa ya maji inayompa mjamzito madini ambayo hayapati ya kutosha kwenye chakula, hasa chuma na kalsiamu. Kinachojulikana zaidi kliniki ni FEFO, kidonge cha kuongeza damu, chenye chuma na foliki asidi, ambayo kwa kweli ni vitamini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma na 0.4 za foliki asidi kila siku, mimba nzima. Damu ikipimwa na kukutwa chini ya gramu 11 kwa desilita, dozi huongezwa, lakini anayeiongeza ni mhudumu wa afya, si mama mwenyewe.

Chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa. Meza kidonge kwa maji au juisi ya machungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Kalsiamu nayo haipatani na chuma. Ukipewa vyote viwili, viachanishe kwa saa kadhaa. Kidonge cha chuma kikikuletea kichefuchefu, kimeze usiku baada ya kula. Kitafyonzwa pungufu kidogo, lakini ni afadhali kuliko kuacha.

Choo kitakuwa cheusi. Ni kawaida, na inauma kwamba wapo akina mama wanaotupa vidonge kwa hofu hiyo tu, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami, tena una kizunguzungu au maumivu ya tumbo, nenda hospitali.

Hatari kubwa ni kurundika. Mama ana FEFO ya kliniki, kisha ananunua duka la dawa vidonge vya mchanganyiko, na ndani mna chuma kilekile, pengine na vitamini A, ambayo ikizidi inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Peleka kila unachotumia kliniki wakione. Foliki asidi ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kukinga malaria. Mwenye selimundu asianze chuma bila daktari.

Pemba, udongo ule wa kutafuna, si kirutubisho. Hushikana na chuma tumboni kisifyonzwe, na unaweza kuwa na risasi, yaani madini yenye sumu.

Vidonge vifungwe na viwekwe juu. Mtoto mdogo huvidhania pipi, na chuma kingi kinaweza kumuua. Akimeza, mkimbize hospitali hata kama bado anacheza.