Paa la Mkunazini

Wanaoingia Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar, huelekezwa watazame chini, kwenye alama iliyo mbele ya madhabahu, mahali panapotajwa kuwa palisimama mti wa kuchapia watumwa. Ni haki yao. Ila kwa upande wa ujenzi, jambo kubwa liko juu.

Soko la watumwa lililokuwa mahali hapa lilifungwa Juni 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere alijenga kuta kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama Mji Mkongwe wote. Tatizo lilikuwa upana. Boriti za mikoko huvuka mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya mji huu ni virefu na vyembamba. Ukumbi wa kanisa hauezekwi hivyo. Steere akachagua paa la umbo la pipa lililopasuliwa na kulazwa kifudifudi, la saruji ya Portland na matumbawe yaliyopondwa.

Watu walitabiri litaanguka. Hofu yao haikuwa ya kijinga: zege lisilo na nondo huvumilia kubanwa, halivumilii kuvutwa. Upinde huuteremsha uzito kwa kubana tu, lakini miguu yake husukuma kuta zifunguke. Kuta zikilegea hata kidogo, ufa huanzia utosini. Hapa kuta nene zimeshika. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi 1877, kazi ikiwa bado haijakamilika.

Nguzo fupi za upande wa magharibi zimesimama kichwa chini. Inasimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha Steere akiwa safarini. Zinabeba vilevile, na naona vizuri zilivyoachwa.

Adui wa kweli ni unyevu. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi. Ukipiga lipu ya saruji, maji hukosa pa kutokea. Chumvi huganda nyuma yake, lipu huvimba, jiwe hugeuka unga. Saruji hiyo ibanduliwe, chumvi ipanguswe kwa brashi kavu (ukiosha kwa maji unairudisha ndani), ukuta uachwe ukauke. Kisha lowesha kidogo tu, upige chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, matabaka ya sentimita moja. Mchanga wa ufukweni usiguswe. Kila tabaka lifunikwe magunia mabichi. Chokaa ikikaushwa na jua hupasuka kabla haijashika.