Malaika na ndevu: zinakotoka nywele za uso

Zile nywele laini za shavuni na mkononi, ambazo huzioni mpaka mwanga uzipige kwa upande, kwa Kiswahili huitwa malaika. Kila mtu anayo usoni tangu utotoni, awe mwanamume au mwanamke. Ndevu ni malaika hayo hayo yaliyogeuka yakawa manene, meusi na marefu.

Vinyweleo vya usoni, yaani vitundu vya ngozi vinakoota nywele, tunazaliwa navyo, na idadi yake kwa kaka na dada haitofautiani sana. Tofauti inaletwa na androjeni, homoni ambazo kubwa yao ni testosteroni. Kijana akibalehe, kokwa zake huitoa kwa wingi, na ikifika kwenye kinyweleo hugeuzwa kuwa homoni kali zaidi inayofupishwa DHT. Hiyo ndiyo inayokuza ndevu: kwanza pembe za mdomo wa juu, baadaye mashavuni, mwisho kidevuni na pembeni. Wengi hawajamaliza kuota ndevu hata wakifika miaka 25.

Mwanamume mwenye ndevu chache mara nyingi hana upungufu wowote wa homoni. Amerithi vinyweleo visivyoitikia sana. Tena DHT hiyo hiyo inayokuza ndevu husinyaza nywele za utosini kwa mwenye asili ya upara, ndiyo maana mzee mmoja anaweza kuwa na kipara na ndevu tele.

Mwanamke naye ana testosteroni, kidogo, kutoka kwenye ovari na tezi zilizo juu ya figo. Ikizidi, au vinyweleo vyake vikiwa vyepesi kuitikia, ndevu huota. Madaktari huita hali hiyo hirsutizimu. Tangu 1961 wanatumia kipimo cha Ferriman na Gallwey, ambacho siku hizi hukagua sehemu 9 za mwili, kila moja ikipewa alama 0 hadi 4. Kwa wanawake wengi wa asili ya Kiafrika, jumla ya 8 na kuendelea huhesabiwa kuwa imezidi. Chanzo kikubwa ni PCOS, tatizo la ovari linaloambatana na hedhi kuruka miezi, chunusi na ugumu wa kushika mimba. Nywele mbili tatu kidevuni baada ya kukoma hedhi ni jambo la kawaida. Krimu za kujichubua zenye steroidi nazo huotesha nywele usoni, jambo ambalo wauzaji wa mkorogo hawalisemi.

Inaniuma kusikia dada mwenye ndevu akiambiwa amerogwa, au kwamba si mwanamke kamili. Wengine huacha hata kunyoa kwa kuambiwa zitazidi. Hazizidi. Mwaka 1928 Mildred Trotter, mwanaanatomia wa Marekani, aliwachunguza wanaume waliokuwa wakinyoa na hakuona ndevu zikinenepa wala kuongeza kasi. Unywele uliokatwa hubaki na ncha butu, na ncha hiyo ndiyo inayokwaruza kidole. Shida ya kweli ya kunyoa kwetu sisi wenye nywele za kipilipili ni vipele: unywele hujikunja ukarudi ndani ya ngozi. Nyoa kufuata uelekeo wa nywele, bila kuivuta ngozi.

Dawa zipo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili huwasaidia wengi, lakini mabadiliko huchukua kama miezi 6. Ipo pia krimu ya eflonithini inayopunguza kasi ya kuota. Dawa hiyo hiyo, ikitiwa kwenye mshipa, imewatibu wagonjwa wa malale huko Kongo na Uganda.

Ndevu zikiota kwa ghafla, ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito na hedhi ikakatika, usisubiri: huenda kuna uvimbe kwenye ovari au kwenye tezi za juu ya figo. Na usishangae daktari akikuuliza habari za hedhi kabla hajakitazama kidevu.