Raba, Samaki wa Ubaoni na Rangi Tatu: Kufundisha Sanaa Madarasa ya Chini

Mtoto wa miaka sita akichora nyumba, mara nyingi hukuonyesha na waliomo ndani: mama ameketi, kitanda kimesimama wima kama kabati, na ukuta upo lakini haufichi kitu. Mwalimu asiyeizoea michoro ya rika hilo huchukua raba na kumweleza mtoto kwamba mtu aliye nje hawezi kukiona kitanda. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha sanaa nami nilikuwa nikifanya hivyo, tena kwa nia njema, mpaka nilipotambua kwamba wale niliowasahihisha sana ndio waliokuwa wakiniletea karatasi tupu.

Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyefuatilia kwa miaka kadhaa michoro ya binti yake mwenyewe, alikwisha kueleza mapema katika karne ya 20 kwamba mtoto wa umri huo huchora anachokijua kuhusu kitu, hata kama jicho lake halikioni kutoka pale alipokaa. Anajua kuwa nyumbani kuna kitanda, kwa hiyo kitanda lazima kiwepo. Mwaka 1947 Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alizipanga hatua za uchoraji wa watoto kwa namna ambayo walimu wengi bado wanaitumia: kuanzia miaka 2 hadi 4 ni mikwaruzo, kati ya 4 na 7 huanza kuonekana mtu mwenye kichwa kikubwa ambacho miguu imeota moja kwa moja chini yake, kati ya 7 na 9 mtoto huwa na alama yake maalumu ya kila kitu, na vitu vyote husimama juu ya mstari mmoja wa ardhi, kisha, kuelekea miaka 9 na kuendelea, huanza kudai kwamba mchoro ufanane na kitu chenyewe. Umri huo ni wa kukadiria tu. Katika darasa la kwanza utawakuta watoto wa hatua mbili au tatu wameketi dawati moja, na hakuna aliyechelewa.

Ukishalielewa hilo, zoezi la kuchora samaki ubaoni ili darasa zima linakili linapoteza maana. Nimewahi kukusanya karatasi za zoezi kama hilo: samaki wote walitazama kushoto, wote walikuwa na jicho la duara na mkia wa pembetatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwenyewe. Madhara yake huonekana baadaye. Siku unapowaambia wachore paka, mikono inainuka na swali ni moja: "Mwalimu, paka anachorwaje?" Wameshajifunza kwamba paka yuko kichwani mwa mwalimu.

Siku hizi mkono wangu hauigusi karatasi ya mtoto, na anaponiambia kuwa hawezi kuchora mbwa, namrudishia maswali: akikimbia, miguu yake inakuwaje, na masikio yake yamesimama au yameanguka? Pengine namwinua kabisa kutoka kitini. Kama somo ni mtu anayechuma matunda, kila mtoto husimama kwa vidole vya miguu, akanyoosha mkono hadi ahisi ubavu unavutika, ndipo anapoketi kuchora. Mikono itakayotokea itakuwa mirefu kupita kiasi, wakati mwingine mirefu kuliko mwili wenyewe, na urefu huo ndio unaokuonyesha kwamba mtoto amechora tendo alilolihisi. Anayekimbilia rula hapo ameharibu somo. (Raba nayo siigawi kabisa katika madarasa ya chini, mtoto akipewa raba, hufuta mpaka karatasi itoboke.)

Kutogusa karatasi hakumaanishi kwamba mwalimu hana la kufundisha, kwa maana vifaa vina tabia zake na tabia hizo hufundishika. Katika somo la rangi natoa nyekundu, njano na bluu tu, vyombo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea brashi na kingine cha maji safi, pamoja na kitambaa cha kukaushia. Kijani huanza na njano: unaweka njano ya kutosha, kisha unachovya ncha tu ya brashi kwenye bluu. Mtoto anayeanza na bluu atamaliza njano yote ya meza na bado kijani chake kitakuwa kizito, kwa sababu rangi nzito huimeza ile hafifu. Zambarau huwasumbua hata walimu. Ikiwa nyekundu uliyonunua inaelekea kwenye chungwa, ndani yake tayari kuna unjano, na ukiichanganya na bluu umezikutanisha rangi zote tatu, hivyo hupati zambarau bali kitu kama tope. Usimlaumu mtoto kwa tope hilo. Mwulize ni rangi zipi zimekutana. Udongo wa mfinyanzi nao una sharti lake: sikio la kikombe halishiki kwa kubandikwa tu, ni lazima pande zote mbili zikwaruzwe na kupakwa uji wa udongo kabla ya kukandamizwa.

Kuhusu kupima maendeleo nitasema kwa ufupi: alama za asilimia kwa mchoro wa mtoto wa miaka saba hazipimi chochote. Andika tarehe nyuma ya kila kazi, itunze kwenye jalada la mtoto, kisha ulinganishe kazi yake ya mwezi huu na yake mwenyewe ya miezi iliyopita. Anapokuletea mchoro, usiulize "hiki ni nini?", kwa kuwa swali hilo linamwambia kwamba hakieleweki. Mwambie akusimulie.

Mambo hubadilika mtoto anapokaribia miaka tisa au kumi, anapoanza kuukasirikia mchoro wake. Mwalimu anayeendelea kumwambia "ni mzuri tu" humpoteza wakati huo, kwa sababu sasa mtoto anaomba mbinu na anastahili kuipata. Nilikuwa na mvulana mmoja aliyeichora meza mara tatu na kuikatakata kila mara. Miguu yote minne ilikuwa imefika kwenye mstari mmoja, na alijua kuna kitu hakiko sawa. Nilimketisha mbele ya meza halisi, nikamwambia afumbe jicho moja, anyooshe mkono huku ameilaza penseli mbele ya miguu ya karibu, kisha aniambie miguu ya nyuma inaishia wapi. Alitazama kwa muda mrefu. "Inaishia juu ya penseli," akasema, akaigeuza karatasi upande wa pili na kuanza upya.